Amina ya Nne

Amina zilikuwa nne, na watu walikuwa watatu.

Mshonaji alizihesabu bila kukusudia, kama anavyohesabu vifungo vya shati la mteja. Ya mumewe ilikuwa nzito, ya kukata na shoka. Ya fundi pancha, aliyepiga magoti kwenye sakafu yenye grisi, ilitoka kwa kigugumizi. Ya kwake mwenyewe ilikuwa nyepesi, ya kutimiza wajibu. Halafu ikaja ya nne, imechelewa kidogo, kutoka kwenye karai la maji ambalo fundi pancha huzamishia mipira ya magari kutafuta tundu. Akageuka. Maji yalikuwa yametulia, na pembeni hapakuwa na mtu.

"Umesikia?" akamnong'oneza mumewe.

"Nimesikia nini, mama?" Uso wa mume ulikuwa unang'aa. Saa sita mchana na tayari keshapata nafsi moja!

Jambo jingine. Tangu wafike pale, yule fundi pancha alikuwa na tabia ya kunyamaza kidogo kila akimaliza sentensi, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. "Tairi limeingia msumari," akanyamaza. "Subirini kidogo," akanyamaza. Baada ya sala alisimama, akafungua mdomo, na maneno yakamwagika bila nukta wala mkato. Alicheka, akawashika mikono, akaanza kufunga banda lake mchana kweupe. "Nendeni jamani, nendeni, Mungu awabariki, msikae!" Karibu awasukume hadi kwenye gari.

Ngoja niwaambie hawa walikuwa akina nani, msije mkanilaumu. Mume alikuwa fundi wa mafriji, na mtaani kwao aliitwa Fundi tu. Mke alikuwa mshonaji. Kila mwaka wakipata wiki mbili za kupumzika, wenzao huenda kusalimia wakwe. Wao hujaza Biblia na vipeperushi kwenye kigari chao cheupe, wakashika barabara kuhubiria watu wasiowajua. Stendi, gereji, zahanati, popote penye mtu aliyekaa anasubiri. Fundi alihubiri, mkewe akatoa ushuhuda. Na Fundi alikuwa na mazoea aliyoyatoa kwenye mikutano ya hadhara, enzi zake za kushika kipaza sauti: hata mbele ya mtu mmoja alihutubia umati. "Wote mliofuatisha sala hii," alimwambia fundi pancha, peke yake pale, "kuanzia leo ninyi ni ndugu zetu. Tulipo, mpo. Tunachokula, mtakula." Zamani mkewe angemtania: wote wangapi, Baba, mbona huyu ni mmoja? Siku hizi hakutania.

Walikuwa wamezika. Binti yao wa pekee, miaka sita, homa ya siku tatu. Ilikuwa imepita miaka miwili. Na mnajua mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mwanawe. Yeye alikuwa Mama Fulani kwa majirani, kwa wateja, kwa mumewe. Baada ya mazishi ndimi za watu zikakwama. Majirani wakaanza kumwita dada, kanisani wakamwita Mama Mwinjilisti, na mumewe akamwita mama, mama tupu, jina limenyofolewa mwishoni. Halikutamkwa tena nyumbani mwao.

Mengine yote ya mtoto alishayatoa kwenye ushuhuda. Jinsi alivyolala na soksi hata wakati wa joto. Jinsi alivyowagombeza kuku. Benchi la hospitali, shuka la kijani. Aliyasimulia stendi hii na stendi ile mpaka yakapoa mdomoni, akawa anaweza kuyasema huku akiwaza pindo la sketi. Watu walilia, yeye macho makavu. Lakini jina hakulitoa. Asubuhi kabla ya kufumbua macho alilisema kimoyomoyo, mara moja, na kwa dakika hiyo kifua kilimuuma. Siku nzima iliyobaki hakuumwa popote. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wahenga. Huyu alichobakiwa nacho ni hilo kovu, na alilitaka.

Basi wakaingia barabarani. Kilomita kumi mbele, gari likaanza kunuka mpira uliolowa.

"Tairi la akiba hilo," akasema Fundi.

Wakasimama, wakafungua buti. Tairi la akiba lilikuwa kavu kabisa. Harufu ilikuwa kwenye kiti cha nyuma, upande wa mke, juu ya boksi la vipeperushi, na boksi lilikuwa limebonyea katikati.

Jioni haijaingia wakafika kwenye gesti moja. Mapokezi alikuwepo binti akikunja taulo. Fundi hakungoja hata kupewa ufunguo. Alihubiri dakika tano, kisha akampa mkewe ishara ya kidevu.

"Nilikuwa na mtoto," Mshonaji akaanza.

"Nilikuwa na mtoto," ikasema sauti nyuma ya sikio lake, ndogo, yenye maji maji.

Akajigusa sikio. Akaendelea. "Alikuwa halali bila soksi."

"Alikuwa halali bila soksi."

Binti aliacha taulo. "Dada," akasema polepole, anatazama juu ya bega la Mshonaji, "mbona mnaongea wawili?"

Hakusubiri kujibiwa. Alisukuma ufunguo mezani kwa ncha ya kidole, akaingia ndani, akafunga mlango.

Chumbani, Mshonaji alikaa kitandani, akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa miezi mingi: akajaribu kuziona zile soksi. Hazikuja. Alijua kwamba mtoto alikuwa na soksi, kama anavyojua kwamba mwaka una miezi kumi na miwili. Rangi hakuna. Miguu iliyokuwa ndani yake hakuna. Akajaribu kuku, wakaja, mtoto akiwakimbiza kwa mwiko. Hao alikuwa hajawasimulia leo.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini. "Kuna kitu kimetufuata kutoka kwa yule wa pancha. Nikisema, nacho kinasema. Kikishasema, kile nilichosema sinacho tena."

"Mama, umechoka."

"Nimechoka, ndiyo. Hebu nusa."

Akanusa. Dirisha lilikuwa wazi, jua bado lipo, na kile chumba kilinuka karai la fundi pancha. Kiti cha plastiki kilichokuwa kwenye kona kililia, kama kinavyolia mtu akijiweka vizuri. Fundi alisimama, kijasho kinamtoka, akanyoosha mkono.

"Toka! Kwa jina la Yesu, toka!"

"Toka," kiti kikasema, kwa adabu. "Kwa jina la Yesu, toka. Amina."

Fundi aliteremsha mkono. Mume huyu alikuwa ametoa pepo kwenye viwanja vya mpira, watu wakishangilia. Hakuna pepo lililowahi kumwitikia Amina.

"Linasali," akanong'ona. "Mke wangu, jini linasali!"

"Limeokoka mchana," akasema mkewe. Hakuwa anatania. "Ulilikaribisha mwenyewe. Si ulisema wote?"

Asubuhi walikatiza safari, wakageuza gari kurudi nyumbani, mwendo wa siku mbili. Mshonaji akafunga mdomo. Alielewa hesabu ilivyo: asiposema, halina cha kuchukua. Kumbe lilikuwa limeshajifunza. Walipopita vibao vya kwanza vya shule, lilianza lenyewe, nyuma ya shingo yake, kwa sauti iliyokuwa sasa karibu ya kwake, likitoa ushuhuda wote alioutoa miaka miwili, maana kumbe kiti kile cha nyuma kilikuwa kimeloa maneno yale aliyoyarudia garini safari zote, soksi na kuku na mwiko na benchi na shuka, moja baada ya jingine, na kila lilipotaja kimoja yeye alisikia kinang'oka ndani yake bila maumivu, kama jino la utoto, na Fundi akakanyaga mafuta kana kwamba mtu anaweza kukikimbia kiti cha nyuma cha gari lake mwenyewe, mpaka likafika mahali ambapo ushuhuda haukuwahi kuwa na neno, na hapo likasema, "Mtoto wetu, aliyeitwa," na likanyamaza.

Likangoja. Barabara ikapita.

"Mtoto wetu, aliyeitwa..."

Kilomita arobaini. Siwezi kuwaambia ni mara ngapi. Mshonaji aliuma mdomo wa chini mpaka ukatoa damu, maana kuna kitu ndani ya mtu ambacho hakivumilii sentensi iliyokatwa, hutaka kuimalizia, na ulimi wake ulikuwa umeshapanda mara mbili kwenye meno.

Mchana walifika kwa mama mmoja, muuguzi mstaafu aliyesifika kwa maombi. Aliwapokea sebuleni kwake, miwani puani, viatu vimepangwa mlangoni. Hakupiga kelele. Hakupaka mtu mafuta. Alimshika Mshonaji kifundo cha mkono kama anayempima mapigo, akasikiliza lile la nyuma likisema sentensi yake.

"Limemkalia mkeo, si wewe," akamwambia Fundi. "Na limebakiza neno moja tu. Mwanangu," akamgeukia Mshonaji, "hilo jina unalo bado?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Basi lisilisikie. Kwa kinywa chochote, sikilizeni vizuri. Nimeyaona haya wodini, watu walioachiwa pumzi tu. Linyimeni. Kaeni kimya siku saba, litashinda na njaa, litakwenda kutafuta kwingine. Nitawaombea kimoyomoyo. Na wewe mwinjilisti," akamtazama juu ya miwani, "unaweza kunyamaza?"

"Naweza, mama."

"Hm," akasema muuguzi.

Na alijitahidi, tusimwonee. Fundi aliendesha siku ile yote na nusu ya pili yake bila neno. Walipofika vituo vya mafuta alionyesha kwa vidole. Walikula mkate kimya, wamekaa kwenye bampa, na kutoka ndani ya gari, madirisha yamefungwa, walikisikia kile kinachouliza. Sauti ilikuwa imeshuka. Siku ya pili ilikuwa kama mtu anayeongea amejifunika blanketi. Harufu nayo ilipungua. Njaa ilikuwa inafanya kazi yake.

Mshonaji aliliona hilo. Mikono aliipakata mapajani, na ndani kabisa, mahali ambapo hakuna aliyekaa nyuma yake, aliligusa jina. Lilikuwepo. Likamuuma. Vingine vyote havikuwepo tena, hakuwa na uso wa mtoto wala kicheko wala shuka, lakini kwa jina hilo moja alijua kwamba aliwahi kumpenda mtu kupita kiasi, na akajiambia nikifika nalo nyumbani inatosha, sidai zaidi.

Mvua ikaanza. Lori lililokuwa mbele likayumba, likavuka mstari. Fundi alikata usukani, kigari kikateleza, kikazunguka mara moja, kikasimama kwenye majani pembeni ya barabara, wazima wote wawili. Mshonaji alikuwa amejigonga kioo. Damu ilikuwa inamtiririka shavuni, na hakulia, hakushtuka hata. Alikuwa anatazama mbele tu, amebana midomo, analinda.

Fundi alipomwona hivyo, miaka miwili ikamshinda. Alimwona mke wake, si mtoa ushuhuda wake, si mama tupu. Akamshika uso kwa mikono yote miwili, na kwa mapenzi ambayo alikuwa ameyafungia tangu makaburini, akamwita kama alivyomwita siku zile zote za nyuma, Mama na jina la binti yao.

"Mama..." akasema, akalitaja lote. "Umeumia? Vumilia, mke wangu, tunakaribia."

Nyuma yao kiti kikalia. Kisha sauti, safi sasa, sauti ya Mshonaji yenyewe, ikasema sentensi yake mpaka mwisho.

Mlango wa nyuma ulifunguka, mvua ikaingia, ukafungwa taratibu.

Fundi alinusa. Alisikia harufu ya mvua, na ya mkate. Aligeuka akaona boksi la vipeperushi limesimama sawasawa. "Limekwenda," akasema, akaanza kulia. "Bwana asifiwe, limekwenda! Lakini mimi... jamani, mimi nimefanya nini?"

Mkewe alikuwa amelegeza mabega. Alijitazama kwenye kioo kidogo, akaifuta damu kwa kitambaa, akaona kidonda si kikubwa, hakihitaji kushonwa. Alijisikia mwepesi. Hakuna kilichomuuma popote.

"Mama," akasema Fundi. Na kwa hofu akalirudia tena lile jina, kwa sauti ya chini, akimwangalia machoni.

Mshonaji aligeuza shingo, akatazama kiti cha nyuma.

"Unamwita nani?" akauliza.

Alikuwa ameuliza kwa upole, kama unavyomuuliza mgeni uliyemkuta stendi. Fundi alifungua mdomo. Katika maisha yake hakuwahi kukosa la kumwambia mtu. Aliona kwamba angeweza kumweleza yote, tangu siku ya kuzaliwa, na angesikiliza vizuri, na angesema pole sana.

"Hakuna," akasema. "Hakuna mtu, mke wangu."

"Haya basi, washa gari," akasema mkewe. "Mvua inazidi."