Video ya Mazishi ya Mama Georgina

Chubwi. Ndizi iliyomenywa ilidumbukia kwenye beseni la maji. Kulikuwa bado giza pale Nshamba, na Renatha alimenya taratibu asimwamshe baba yake, Mzee Rweyemamu. Tangu wamzike mama yake, Georgina, mzee alikuwa anapata usingizi alfajiri tu.

Simu ikawaka. Ujumbe wa Agnetha, rafiki yake wa Kagoma:

"Pole dada. Unajua kama Avit ameweka video yako mtandaoni? Huku kila mtu anaitazama."

Akaifungua. Akajiona amepiga magoti kando ya kaburi, kitenge kimemvuka begani, ameng'ang'ania jeneza lisishushwe. Juu ya kilio chake umewekwa muziki, na chini maandishi: "Avit Filamu, Bukoba. Harusi, kipaimara, mazishi. Piga simu."

Avit alikuwa mchumba wake. Posa ilishapokelewa.

Akampigia.

— Avit, hiyo video umeiweka wewe?

— Renatha, nisikilize kwanza...

— Ni wewe?

— Ni mimi.

— Njoo uniambie nikikuona.

Jua lilipopanda, pikipiki ilisimama uani. Avit alikuwa amejaa vumbi la njia nzima. Pamoja na hasira zake, Renatha alimletea kigoda na maji ya kunawa.

— Kaka yako Wilbert ndiye aliniomba nirekodi, kwa kuwa hakuwahi mazishi.

— Kurekodi sijakukataza. Nakuuliza, kilio changu umekitangazia biashara kwa nini?

— Nilikuwa nahariri, nikalia peke yangu. Nikaona sijawahi kupiga kitu kizuri kama kile. Miaka yote ni harusi tu, keki na watu wanacheza. Nilitaka waone kwamba naweza filamu. Na sasa simu hazikatiki, nimeitwa mpaka Mwanza.

Alipoyasema hayo akainamisha kichwa mwenyewe.

— Avit, ulipoanza na kamera ya kuazima, watu wanakucheka, nani alikubali kuigiza kwenye filamu yako ya kwanza?

— Mama yako.

— Alipanda kile kilima na mkungu wa ndizi kichwani mpaka lini?

— Mpaka jua likazama.

— Akarudi akakupikia. Hakulalamika.

— Najua, Renatha.

— Siku anazikwa nilikutafuta. Wanawake wamenishika huku na huku, mimi natafuta wewe. Nikakuona unapiga goti mbele yangu. Nikasema moyoni, huyo amekuja kunishika. Kumbe ulikuwa unanisogezea kamera.

Avit akafunika uso kwa viganja.

— Nimeifuta. Nilisimama njiani nikaifuta.

— Wameshaipakua. Jana sokoni vijana walikuwa wanaigiza mtu analia, wakiniona wanacheka. Sikujua ni mimi.

— Niambie nifanye nini.

— Mwambie mshenga wako, Protase, hakuna harusi. Baba nitamwambia mwenyewe, pole pole.

— Lakini nakupenda.

— Najua, na ndicho kinachoniuma. Kila nitakapolia nitaangalia kwanza umeshika nini mkononi. Hata tukija kufiwa na mtoto, nitaangalia. Siwezi kuishi hivyo, Avit.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Rweyemamu akatoka na mkongojo wake, macho membamba kwa mwanga.

— Nani huyo? Avit? Umekuja, waitu, mwanangu.

— Shikamoo, Baba.

— Marahaba. Renatha, mwenzio amekula? Mpe ndizi, katoka mbali.

Renatha akapakua. Akamwekea maharage mengi, kama mama yake alivyozoea kumwekea. Avit alikula huku machozi yanadondokea kwenye sahani. Mzee akadhani ni msiba, akampapasa mgongo.

— Wote tunalia, mwanangu. Watu walijaa hapa, sasa hawaonekani. Nashinda naongea na kuku.

Avit akasimama kuaga. Akamtazama Renatha, lakini Renatha alikuwa ameinamia beseni anaosha sufuria. Mzee akamfuata mpaka kwenye pikipiki, akamshika mkono, hakuuachia.

— Jumapili uje tena, waitu. Unasikia? Uje tu tukae.