Sauti Nyuma ya Landrova

Mwaka sabini na sita, Othmani, muuza vitambaa wa Mafinga, alinunua Landrova kuukuu. Njia aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya mlimani kutoka Igowole. Haikuwa barabara hasa, ni alama mbili za magurudumu katikati ya majani, lakini haikuwa na mawe wala utelezi. Hata anayejifunza gari angeipita. Upande mmoja msitu. Upande wa pili bonde lote limelala chini, bluu mpaka macho yanachoka.

Jioni moja alikuwa akirudi na mkewe, Rukia, aliyekuwa na mimba yake ya kwanza baada ya miaka mingi ya kungoja. Walitoka kumjulia hali shangazi yake Rukia.

"Simama kidogo nijisaidie," Rukia alisema walipofika juu kabisa.

Akashuka, akapotelea vichakani. Othmani akabaki kwenye usukani, injini ikiunguruma, akitazama ukungu ukipanda kutoka bondeni. Mlango ukafunguliwa. Rukia akaketi, akajifunika kanga mabegani.

"Twende."

Gari likajaa harufu ya udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa muda huohuo. Othmani akadhani ni matope ya viatu.

Walikuwa wameanza tu kuteremka aliposikia.

"Othmani... unaniacha?"

Ilitoka nyuma. Mbali kidogo.

Sauti ya Rukia.

Akakanyaga breki.

"Usisimame," mwanamke aliyekaa kando yake akanong'ona. "Shangazi alinionya. Huku kuna kitu kinaiga sauti za watu."

Kwenye kioo cha pembeni, ndani ya ukungu, mwanamke alikuwa anakuja mbio, mkono mmoja ameshika tumbo. Kanga ileile.

Othmani akamgeukia wa kando. Alikuwa Rukia, kila kitu chake, na macho yake yamejaa hofu.

"Mtoto akiwa wa kike," Othmani akauliza, naye akinong'ona, "tulisema tumwite nani?"

Hilo hawakuwa wamemwambia mtu yeyote.

"Zuhura."

Na kule nyuma, saa ileile, sauti ikalia jina lilelile.

*Zuhura...*

Swali ameliuliza kwa kunong'ona, ndani ya gari, injini inaunguruma. Mtu wa kawaida angelisikiaje kutoka kule?

Rukia wa kando akamshika mkono, akauweka tumboni mwake. Mtoto akapiga teke, moja, la nguvu, chini ya kiganja chake. Othmani akaachia breki.

Kofi likalia kwenye bati la nyuma ya gari. Mara moja tu. Kisha kilio, kikabaki mlimani, kikififia kadiri walivyoteremka.

Walipofika Mafinga, Rukia aliwasalimia majirani, akapika, akacheka kama siku zote. Othmani akajiambia ameokoka. Njia ile hakuipita tena.

Rukia alijifungua salama. Mtoto wa kike. Siku mbili baadaye Ezekia, mpasua mbao aliyekuwa rafiki wa Othmani wa siku nyingi, akaja kumpongeza. Alikataa kuingia ndani. Akamvuta Othmani hadi uani.

"Ndugu yangu, wewe ulikuwa unapita sana kule juu. Sisi tumehamisha kambi yetu ya mbao kutoka huko."

"Kwa nini?"

"Kuna mwanamke analia jioni. Miezi mitatu sasa. Tulizoea, tukasema ni mambo ya mlima." Ezekia akatazama chini. "Lakini tangu juzi hayuko peke yake. Kuna kichanga kinalia naye."

Ezekia akaaga, akaondoka.

Alipoingia chumbani, Rukia alikuwa ananyonyesha, amempa mgongo.

"Ezekia anasemaje?"

"Anakupa hongera."

"Njoo basi umpakate mwanao."

Othmani alisimama pale mlangoni, mkono umeshika fremu, mpaka giza likaingia chumbani na hakuna aliyewasha taa.