Stempu ya Tatu

Kila alasiri Maram alipotoka shuleni, hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alishuka kwanza pwani, akaingia posta. Mhudumu wa pale alikuwa amemzoea, hata hakungoja kuulizwa. Alitikisa kichwa tu. Maram alitoka, akapanda vichochoro vya Mkomani, mtaa wao hapo Lamu, akijibanza ukutani kuwapisha punda waliobeba mawe na mifuko ya saruji, mpaka akafika kwao.

Mama yake, Bi Radhiya, naye hakuuliza kitu. Aliitazama mikono ya bintiye, akaiona mitupu, akainama tena juu ya kofia aliyokuwa akiishona.

Walichokuwa wakikingoja ni habari za Nur, kaka yake Maram. Nur alikwenda Bara Arabu kufanya kazi ya udereva. Mwanzoni alipiga simu kila Ijumaa, na mara kwa mara alileta barua, ingawa simu ilitosha. Alileta barua kwa ajili ya stempu, kwa sababu yeye na Maram walikuwa wakizikusanya tangu Maram hajajua kusoma. Kisha, baada ya Idi, simu ikanyamaza. Barua zikakoma. Wakala aliyempeleka alifunga ofisi yake, na namba yake haikupatikana tena.

Bi Radhiya na dada yake mkubwa, Bi Nasreen, walihangaika. Walipiga simu wizarani, walikwenda Mombasa kuonana na familia nyingine zilizopeleka vijana kwa wakala yule yule. Hawakupata jibu, lakini hawakuacha kuuliza.

Basi siku moja mhudumu wa posta hakutikisa kichwa. "Mwite mamako," alisema. "Aje na kitambulisho."

Kilikuwa kifurushi kidogo cha karatasi ya kaki, kimezungushiwa selotepu, na juu yake stempu tatu za Kenya zenye muhuri wa Mombasa. Walipofika nyumbani, Bi Radhiya alikipasua upande wa juu sebuleni. Ndani mlikuwa na shati la Nur, lile la milia ya kijani, na karatasi iliyopigwa chapa. Ilisema kwamba Nur yu hai, lakini amefungwa kwa kosa la kibali. Shati amempa mtu anayerudi Kenya ili alitume kwa posta. Akitaka kutoka, lazima alipiwe faini na nauli, mamilioni ya shilingi, na jambo hilo lisifike kwa serikali ya Kenya, waliomfunga wasije wakamdhuru.

Bi Radhiya aliuzika uso wake katika shati. "Ni yeye!" alilia. "Hii ni harufu ya mwanangu. Yu hai, yuko nti za watu, lakini yu hai!"

Majirani walijaa. Kila mmoja alikishika kifurushi, akakigeuza, akakibusu, akampa mwenzake. Jioni hiyo alikuja pia ami Wazir, binamu wa marehemu baba yake Maram. Wazir alikuwa dalali wa nyumba, na tangu Nur apotee haikupita siku bila yeye kuja kuwafariji. Aliisoma karatasi, akajifuta macho.

"Bi Radhiya," alisema kwa upole, "pesa kama hizi zitapatikana wapi? Una nyumba hii tu. Ninamjua mtu anayetaka kununua Mkomani, tena hachelewi. Lakini msiseme ovyo. Mmesoma wenyewe wanavyotishia."

Nyumba ile ya mawe ilikuwa ya Bi Radhiya na Bi Nasreen, wameirithi kwa mama yao. Bila sahihi za wote wawili haiuziki. Bi Nasreen aliisoma karatasi mara mbili. Wazir alipokwisha kuondoka, alisema, "Radhiya, nduyangu, tusiuze kwanza. Shati ni la Nur, sikatai. Lakini karatasi hii haina hata neno moja linalofanana na maneno yake. Hajamuulizia hata Maram."

Bi Radhiya alimtazama kana kwamba amepigwa kofi. "Wewe huna mtoto, ndiyo maana nyumba una uchungu nayo kuliko Nur."

Bi Nasreen alivaa buibui lake, akarudi kwake.

Tangu siku ile, kifurushi kiliwekwa kwenye kidaka cha ukutani, na Bi Radhiya akakataza mtu kukigusa. Kutafuta kukakoma. Wizarani hakupiga tena, na familia za Mombasa zilipopiga, hakupokea. Alikaa akikitazama kifurushi kama anayemtazama mgonjwa.

Siku moja, mama yake akiwa anaswali, Maram alisimama mbele ya kile kidaka. Stempu ya tatu ilikuwa na picha ya samaki wa matumbawe, manjano na buluu, na pembe yake moja ilikuwa imeinuka. Ilibandikwa kwa gundi nzito, si kama zile nyingine mbili. Maram aliivuta kidogo, akitaka kuona tu. Ikatoka yote. Alishtuka, lakini hakuirudisha. Aliitia ndani ya kopo la biskuti pamoja na stempu zote ambazo Nur aliwahi kumletea.

Baada ya siku chache Bi Nasreen alirudi, nyuma yake akiwa na mwanamke mrefu mwenye mkoba mweusi. Alikuwa Inspekta Quinter, mpelelezi wa polisi. Bi Radhiya alipojua ni nani, alipiga ukelele.

"Umemuua mwanangu, Nasreen! Wamesema serikali isijue!"

"Mama, samahani," Quinter alisema. Alizungumza polepole, bila kuinua sauti. "Nimekuja bila sare, na hakuna aliyeniona kama askari. Nataka kukitazama tu. Kama kweli kimetoka kwa mwanao, kitatuambia. Na kama hakikutoka kwake, pia kitatuambia."

Alivaa glavu, akatandika karatasi safi mezani, akakiweka kifurushi juu yake. Alikigeuza taratibu chini ya taa ndogo. Alieleza kwamba sehemu ya nje haina faida tena, maana imeshikwa na mtaa mzima. Cha maana ni kilichofunikwa: chini ya selotepu, chini ya stempu, mahali ambapo mikono ya watu haikufika. Kisha akainamia mshono wa chini, ambao haukuwa umefunguliwa.

"Hizi ni nini?"

Chini ya selotepu, zimenasa kwenye gundi, mlikuwa na nywele fupi ngumu za kijivu.

"Za punda," Bi Nasreen alisema mara moja. "Kila nguo ya Lamu ina hizo."

Bi Radhiya alitikisa kichwa. "Punda wako kila mahali. Hata Arabuni wako."

"Ni kweli, mama. Nywele peke yake hazithibitishi kwamba kilifungwa Lamu." Quinter alikigeuza tena kifurushi. "Hapa palikuwa na stempu ya tatu. Gundi imebaki na karatasi imechubuka. Nani ameibandua?"

"Itakuwa imeanguka ndiani," alisema Bi Radhiya.

Quinter aliwatazama wote, na macho yake yakasita juu ya Maram. Maram aliyashusha macho yake. Alijua kilichobaki ni kufungua kinywa tu. Lakini alimwona mama yake alivyokikodolea macho kifurushi, na hofu ikamkaba. Itakuwaje ikiwa stempu ile itasema kwamba si Nur? Maadamu imo koponi, Nur yu hai. Alinyamaza.

Quinter alikipeleka kifurushi Nairobi kuchunguzwa. Majibu yaliporudi baada ya miezi kadhaa, Bi Nasreen alikuja kuwaambia. Aliyefunga alivaa glavu. Chini ya selotepu hapakuwa na alama ya kidole hata moja. Stempu mbili zilirowekwa kwa maji, si kwa mate. Hapakuwa na kitu.

"Basi mmeridhika?" Bi Radhiya aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alikuwa amekonda, halali wala hali, shati la Nur amelikunja mapajani. Wazir alikuwa amemwambia kwamba mnunuzi amechoka kungoja, na mtu mmoja alikuwa amepiga simu kwa namba iliyofichwa, akasema Nur anaumwa. "Nasreen, nakuomba kwa haki ya maziwa tuliyonyonya. Tia sahihi. Akifa mle ndani, sitakusamehe duniani wala akhera."

Bi Nasreen alilitazama shati mapajani mwa nduye. "Sawa," alisema mwishowe. "Kesho nitatia."

Alitoka akaenda ukumbini, akakaa penye daka la mlango, akafunika uso kwa ukaya wake. Maram alimfuata. Hakuwahi kumwona mama yake mkubwa akilia. Hakulia kwa sauti. Mabega tu yalikuwa yakitikisika.

"Mama mkubwa, kwa nini unalia? Si Nur atarudi?"

"Nalia kwa sababu siamini, mwanangu. Tutauza, mtatoka humu, na Nur hatutamwona. Lakini mamako atakufa nisipotia sahihi. Sina ndia nyingine."

Maram alisimama. Alipanda juu, akarudi na kopo. Alilifungua, akalitazama, na maneno yakamtoka kwa kwikwi.

"Ni mimi. Stempu niliitoa mimi. Nilimsikia yule inspekta akiuliza, nikanyamaza. Niliogopa itasema si Nur."

Alidhani atapigwa. Bi Nasreen alilichukua kopo, akalifunika bila kugusa kilichomo. "Nani mwingine ameishika?"

"Hakuna."

"Vaa viatu."

Kituoni Quinter aliinua ile stempu kwa kibanio, akaipindua chini ya taa. Gundi ilikuwa imeanza kuganda kwa matone kabla stempu haijabandikwa, na katikati yake, wazi kama muhuri, mlikuwa na alama ya kidole gumba. Kidole cha Maram kilikuwa pembeni tu. Hiki kilikuwa cha mtu mzima.

"Glavu zilimnatia kwenye gundi," Quinter alisema. "Alilazimika kuvua moja." Alimtazama Maram. "Kila mwenye kitambulisho, alama zake zimehifadhiwa. Tutajua. Bi Nasreen, usitie sahihi mpaka nikuite."

Ili kuchelewesha sahihi, Bi Nasreen alijifanya mgonjwa. Zilikuwa siku mbaya. Bi Radhiya hakusema naye, wala hakusema na Maram, ambaye alikuwa amemweleza kila kitu. Alikaa na shati lake.

Quinter alipokuja tena, alikuja na askari mwenzake, na safari hii alikuwa na sare. Aliomba wakae.

"Kidole ni cha Wazir," alisema.

Bi Radhiya alilishika shati kwa mikono miwili.

"Tumemkamata asubuhi. Amekiri. Usiku wa mwisho kabla ya kusafiri, Nur alilala kwake, akasahau shati. Mnunuzi alimwahidi Wazir fungu kubwa akiipata nyumba hii. Karatasi alipiga chapa Mombasa, na simu alimpigisha rafiki yake."

"Na Nur?" Bi Radhiya aliuliza.

"Wazir hajui chochote juu ya Nur, mama. Hajawahi kujua."

Bi Radhiya aliliangalia lile shati, akaliangalia tena. Kisha alitoa sauti ambayo Maram hakuwahi kuisikia kwa mtu. "Nilikuwa naye," alisema. "Miezi yote hii nilikuwa naye humu ndani. Leo mmenitolea maiti."

Maram alikimbilia pembeni, akajiziba masikio. Nyumba ilikuwa imeokoka, na yeye aliona kana kwamba amemuua kaka yake kwa mkono wake. Bi Nasreen alimfuata na kumvuta kifuani.

Quinter alivuta kiti karibu na Bi Radhiya, akamgeukia Maram ili naye asikie.

"Mimi sina habari njema ya kuwapa," alisema. "Sitawadanganya, mmedanganywa vya kutosha. Lakini nataka mjue Wazir alichoiba. Nyumba hakufaulu kuiiba. Aliiba miezi. Kabla ya kifurushi hiki mlikuwa mkipiga simu, mkisafiri, mkiuliza. Kilipofika, mliacha kumtafuta, kwa sababu uongo ulikuwa mtamu kuliko kutojua. Na wewe, Maram, uliuficha ukweli kwa mapenzi. Ninakuelewa. Hata hivyo, siku zote ulizonyamaza, ulikuwa unamsaidia Wazir bila kujua. Ukweli ukiuogopa haugeuki. Unakungoja tu, na wakati unapita. Uliposema, ulifanya jambo gumu, na umewarudishia wenzako nafasi ya kumtafuta Nur. Kitu ukikigusa, sema umekigusa. Siku ileile."

Maram aliitikia kwa kichwa.

"Kuna jambo moja tunaloweza kufanya leo," Quinter aliendelea, na hapo sauti yake ilipungua. "Kule Arabuni kuna vijana hospitalini na gerezani wasioweza kujitaja. Na kuna wengine wasio na majina kabisa, wamehifadhiwa vyumba vya maiti. Nikichukua mate ya mama na ya dada, wizara inaweza kulinganisha vinasaba vilivyomo na vyao. Jibu linaweza kuchelewa. Linaweza kuwa lile msilolitaka. Sitawalazimisha."

Kutoka kichochoroni zilisikika kwato za punda na mtu akiwahimiza. Bi Radhiya alilikunja shati, akaliweka chini, kwa mara ya kwanza tangu lilipofika.

"Mimi kwanza," alisema.

Quinter alipasua pakiti, akatoa kijiti chenye pamba. Bi Radhiya alifumba macho, akafungua kinywa kama mtoto anayepewa dawa. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, lakini hakutikisika. Alipomaliza, alimnyoshea Maram mkono.

"Njoo, mwanangu," alisema. "Njoo tumtafute."