Dereva Aliyekaa Mgahawani

Kila asubuhi, kabla ya chai, Alawi huosha basi lake nje ya nyumba yake, Likombe. Huliosha mwenyewe, kwa ndoo na kitambaa. Majirani humtania kwamba basi hilo linaogeshwa kuliko watoto wa mtaa mzima. Alawi huendelea kusugua. Kwenye kioo cha mbele ameandikisha maneno kwa rangi nyekundu: ALAWI MWENYEWE.

Basi hilo ni la kukodi. Hubeba kwaya, maharusi na wafiwa. Mjini Mtwara mtu akiwa na shughuli husema, "Nitafutieni Alawi mwenyewe." Maneno hayo humvimbisha kichwa Alawi, na yeye hakatai.

Mwaka huu goti la kulia lilianza kumsumbua. Binti yake, Somoe, akawa anamsaidia kuendesha. Somoe amesomea udereva Dar es Salaam, na leseni ya basi anayo. Anaendesha kwa utulivu mpaka abiria wanasinzia. Alawi alijua kuwa binti amemzidi, ila hakuwahi kulisema mbele za watu.

Siku moja Somoe alirudi kutoka mjini, akamkuta baba yake anafuta taa za basi.

"Baba, chuo cha wauguzi kinatafuta basi la kupeleka wanafunzi vijijini, mwaka mzima. Nimewaambia dereva ni mimi."

"Wakasemaje?"

"Wanataka kuona kumbukumbu za safari nilizoendesha. Nikiikosa kazi hii, baba, nitarudi Dar. Kuna kampuni huko inanitaka."

Alawi aliacha kufuta taa. Somoe ni mtoto wake wa pekee, na tangu arudi nyumbani nyumba ilikuwa imechangamka. Hakutaka hata kuifikiria siku ya kumsindikiza stendi.

Siku hizi kumbukumbu za basi la kukodi ziko kwenye simu. Dereva hufungua safari kwa namba yake ya siri. Huandika kwamba amekagua breki na matairi, abiria ni wangapi, wanatoka wapi na wanakwenda wapi. Ndani ya basi kuna kifaa kinachoonyesha gari liko wapi, na simu ya dereva nayo huonyesha ilipo. Mkaguzi anaweza kufungua kumbukumbu hizo akiwa ofisini kwake.

Alawi na Somoe walikwenda kwa jirani yao, Theresia, mama yake Fredi. Yeye ni mwenyeji wa Njombe, na anafanya kazi katika ofisi ya serikali inayosimamia usafirishaji. Walimkuta anachambua mchele barazani.

"Shikamoo, mzee Alawi."

"Marahaba, mama Fredi. Tuna shida na simu hii."

Theresia alinawa mikono, akafungua kumbukumbu. Alizisoma moja moja. Kisha akasema, "Jina la Somoe silioni hata mara moja. Kila safari dereva ni Alawi."

Somoe aliinamisha kichwa. Theresia akaendelea kusoma, mara akasita.

"Mzee, hebu nieleze hapa. Safari ya Mpapura. Kifaa kinaonyesha basi linakwenda kijijini ndani. Simu ya dereva imetulia njia panda. Sasa basi liliendeshwa na nani?"

Alawi alikuna kidevu. "Hiyo ilikuwa safari ya unyago, mama Fredi."

Msimu wa unyago wanawake hukodi basi kwenda kumtoa mwali. Shughuli hiyo ni ya wanawake watupu, mwanamume hasogei. Kwa hiyo Alawi alipofika njia panda aliteremka, akamwachia Somoe usukani. Yeye alibaki kwenye mgahawa wa Bi Tabu, simu mfukoni, anakunywa chai kwa vitumbua mpaka basi lirudi. Kwenye kumbukumbu aliendelea kuwa dereva. Hata safari ambazo goti lilimuuma tangu asubuhi, na Somoe akaendesha mwanzo mpaka mwisho, Alawi alijiandika yeye.

"Watu wamemkodi Alawi mwenyewe," alisema. "Ningeandikaje jina la mtu mwingine?"

Theresia alijitahidi asicheke. "Mzee wangu, basi lingepata ajali siku ile, askari wangemtafuta dereva aliyekuwa anakunywa chai. Watu wa bima nao wangeuliza maswali. Tena hapa unaonekana umeendesha kutwa bila kupumzika, kumbe umepumzika vizuri kabisa. Na Somoe amefanya kazi tangu msimu uanze, lakini hana cha kuwaonyesha chuo."

Alawi alimtazama binti yake. Aliona haya, na haya hiyo ilimuuma kuliko goti.

"Basi nionyeshe pa kufutia," alisema. "Nifute jina langu kote, niweke la Somoe."

"Hapana, mzee. Kumbukumbu haifutwi. Ukifuta, hata zile za kweli hakuna atakayeziamini. Acha ilivyo, kisha ongeza maelezo chini yake. Nani aliendesha, kutoka wapi mpaka wapi, na kwa nini hukuandika mapema. Weka jina lako na tarehe ya siku unayoandika."

"Na kuanzia sasa?" aliuliza Somoe.

"Kila dereva atumie namba yake. Asimpe mtu, hata mtoto wake wa kumzaa. Mkibadilishana njiani, anayeshuka afunge sehemu yake, anayepanda afungue ya kwake. Mwandike palepale, gari likiwa limesimama. Msingoje kufika nyumbani ndipo mkumbushane."

"Kuna mahali mtandao hakuna," alisema Somoe.

"Andika hivyo hivyo. Simu itatunza, mtandao ukirudi itatuma. Na chaji usisahau."

Siku iliyofuata Alawi hakuosha basi. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa basi, akaandika maelezo kwa kidole kimoja. Ilimbidi aandike kwamba goti linamuuma. Ilimbidi aandike kwamba alikuwa amekaa mgahawani.

"Nikuandikie, baba?"

"Hapana. Nilikosea kwa mkono wangu, nitarekebisha kwa mkono wangu."

Walikwenda chuoni wote wawili. Msimamizi wa usafiri, Bwana Kelvin, alisoma maelezo yale, akainua macho.

"Mzee, mbona umejianika hivi?"

"Nimeandika yaliyokuwa," alisema Alawi. "Mie nilikuwa nakunywa chai. Anayeendesha ni huyu."

Somoe aligeuka kumtazama baba yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilisema hilo mbele ya mtu.

Bwana Kelvin hakutoa kazi siku hiyo. Alisema ameyapokea maelezo, lakini anataka kuona kumbukumbu zinazoandikwa sawasawa. Angezifungua tena msimu wa unyago ukiisha.

Walifanya kama walivyofundishwa. Njia panda, Alawi alifunga sehemu yake. Somoe alizunguka basi, akatazama matairi, akafungua safari kwa namba yake kwenye simu yake. Mara ya kwanza kina mama walinung'unika kwamba wanachelewa. Baadaye wao wenyewe walinyamazishana, "Mwacheni mwenzetu aandike."

Msimu ulipoisha, Bwana Kelvin alifungua kumbukumbu. Safari za Somoe zilikuwa zimejipanga, na simu na basi vilikuwa pamoja kila mahali. Alimpigia Somoe simu siku hiyo hiyo, akampa kazi.

Siku ya safari ya kwanza Alawi alipanda na wanafunzi mpaka njia panda ya Mpapura, akashuka mwenyewe bila kuambiwa. Aliingia kwa Bi Tabu, akaagiza chai.

"Leo hakuna unyago," alisema Bi Tabu. "Basi lako umemwachia nani?"

Simu ya Alawi ililia. Mwenye basi naye huletewa taarifa ya safari. Alawi alimpa Bi Tabu simu.

"Soma hapo."

"Macho yangu si unayajua? Nisomee."

Alawi alisimama, goti likimuuma vilevile. Akasoma kwa sauti, mpaka waliokaa nje wakasikia. "Dereva, Somoe Alawi. Gari linatembea."

"Somoe mwenyewe?" aliuliza Bi Tabu.

"Mwenyewe," alisema Alawi.