Zenaida na Ukuta wa Kaskazini

Kila asubuhi Zenaida alilisha kuku, akafungulia bustani ya pilipili maji ya mfereji, kisha akaketi kunywa uji wa mahindi na bibi yake. Asubuhi hiyo alifanya yote hayo mbiombio.

"Kuku wamekula, au umewarushia tu ukakimbia?" aliuliza bibi Cleofas.

"Wamekula, bibi."

"Haya. Vua hizo bangili. Udongo hautaki mapambo."

Ilikuwa wiki ya kukandika kanisa. Kanisa la kijiji cha Vallecillo limejengwa kwa matofali mabichi ya udongo, na kila mwaka, theluji ikishayeyuka na kabla mvua hazijaanza, kijiji kizima hulivika udongo mpya. Wanaume huchanganya udongo na mabua ya ngano. Wanawake hukandika kwa viganja vyao. Msichana haruhusiwi kuugusa ukuta mpaka atimize miaka kumi na miwili. Kabla ya hapo kazi yake ni kubeba maji. Zenaida alikuwa ametimiza umri huo wakati wa Kwaresima, naye alikuwa akiingoja wiki hii kama mtu anayengoja harusi.

Walimpa sehemu ya chini ya ukuta wa kaskazini, karibu na jirani yao Ursulita, aliyeanza kukandika mwaka uliopita.

"Karibu kwa wakubwa," Ursulita alisema. "Kucha zikikatika usimlilie bibi yako."

"Kwani zako ziko wapi? Mbona sizioni?"

Wanawake wakacheka. Bibi Cleofas, ambaye ndiye aliyesimamia kazi, hakucheka. Alimshika Zenaida mkono, akauweka ukutani. "Kwangua udongo wa zamani mpaka ufike penye ugumu. Lowesha kwanza, ndipo ukandike. Ukikuta palipo laini, niite."

Zenaida alikwangua vizuri, taratibu. Lakini alipofika karibu na ardhi, kidole chake kilizama. Ndani palikuwa na ubaridi na majimaji, kama unga uliokandwa. Akakichomoa upesi, akatazama huku na huku. Ursulita alikuwa amekwisha kumwacha mbali. Akimwita bibi, kazi yote ingesimama na pale pangechimbuliwa mbele ya watu. Labda wangesema yeye ndiye aliyepaharibu. Labda angerudishwa kwenye ndoo za maji.

Alichota bonge la udongo, akalibandika hapo, akalilainisha kwa kiganja chenye maji. Pakapendeza kuliko kwingine kote.

"Ehee, huyu kazaliwa na udongo mkononi!" alisema mjomba Procopio, akipita na toroli.

Zenaida alijaribu kutabasamu.

Mchana wanawake waliketi kivulini kula maharage na chapati. "Zenaida," bibi alisema, "kaulete mtungi wa maji. Nimeuweka ndani upoe, karibu na altare."

Zenaida aliingia. Alikuwa ameingia humo mara nyingi, lakini siku zote katikati ya watu, amebanwa na shali za akina mama. Leo alikuwa peke yake, na hata mabenchi yalikuwa yametolewa nje. Ubaridi ulimpokea mlangoni. Kuta zilikuwa nene, hata kelele za nje zikakatika kama zimefungiwa mlango. Alisikia pumzi yake mwenyewe. Akajikuta anatembea kwa ncha za vidole, ingawa hakuna aliyemkataza kukanyaga.

Mbele, pale paa linapopanda kidogo juu ya altare, kuna dirisha lisiloonekana ukiwa chini. Jua la mchana liliingia humo, likawaangukia watakatifu wa mbao. Nyuso zao, ambazo siku zote huwa na giza, zilikuwa zimewaka. Vumbi lilipanda polepole katika mwanga ule. Zenaida alisahau mtungi.

Pembeni, mahali ambapo chokaa haikufika, aliona alama za viganja kwenye udongo mkavu. Vingine vikubwa, vingine vidogo, kimoja hakina kidole cha mwisho. Hawa walikuwa akina nani? Walikufa zamani, na ukuta wao bado umesimama. Aliona haya kuutazama mkono wake.

Ndipo aliposikia kitu kama mchanga unaomwagika. Kwenye ukuta wa kaskazini, karibu na sakafu, chokaa ilikuwa imevimba, na chembe za udongo zilikuwa zikidondoka. Aligusa. Palikuwa na unyevu. Upande wa pili, palepale, ndipo alipobandika bonge lake. Akainua macho. Boriti kubwa ya paa ilikuwa imeegemea juu ya ukuta huo huo.

Alitoka nje mikono mitupu.

"Mtungi uko wapi?" bibi aliuliza.

"Bibi, nilikuta palipo laini. Nikapafunika."

Wanawake wakaacha kutafuna.

"Nilijua!" Ursulita alisema. "Ndiyo maana palikuwa pazuri hivyo."

"Wewe, kula," bibi alimwambia bila kugeuka. Akainuka. "Nionyeshe."

Zenaida aliubandua udongo wake mwenyewe, watu wote wakimtazama. Bibi aliingiza mkono katika tundu, ukazama mpaka kwenye kiwiko. Akautoa umejaa tope jeusi.

"Procopio! Lete ngazi!"

Mjomba alipanda juu ya paa. "Lo! Mlizamu wa kutolea maji ya paa umepasuka chini!" alipiga kelele. "Maji ya theluji yote yalikuwa yanarudi ukutani!"

Siku zilizofuata wanaume waliiegemeza boriti kwa magogo. Wanawake walitoa udongo uliooza, wakapanga matofali mapya yaliyokauka juani, na mjomba Procopio akaweka mlizamu mwingine. Zenaida hakurudishwa kwenye ndoo. Bibi alimweka palepale, na Ursulita ndiye aliyemletea udongo.

"Kandika vizuri, mama," Ursulita alisema. "Hapo chini ndipo ninapokaa mimi Jumapili."

Sikukuu ya mtakatifu ilipofika, padri alikuja na kanisa likajaa mpaka mlangoni. Zenaida na bibi yake walikaa kando ya ukuta wa kaskazini. Wakati watu wanaimba, bibi alimwinamia sikioni.

"Maji uliyoyafungia ukutani hayakauki, mjukuu wangu. Yanakula ndani, sisi huku nje tunasifu. Na kosa ukilifunika ni vivyo hivyo. Ulipokuja kusema, uliona aibu siku moja. Sasa watazame watu hawa. Unamwona hata mmoja anayetazama juu kwa hofu?"

Zenaida alitazama. Wote walikuwa wanaimba.

"Hivyo ndivyo kazi ya mtu mkweli inavyokuwa," bibi alisema. "Watu hukaa chini yake, wakaimba."