Shimo Kwenye Kichwa Namba 31

Ubongo wangu ulikuwa na shimo... na aliyelichimba ni shemeji yangu, mume wa dada.

Tulieni, niko mzima. Niwaeleze.

Kazini kwetu tunasafisha picha za ubongo. Mashine ikishakipiga kichwa picha, kompyuta inachora mstari kuuzunguka ubongo, na inakosea. Utando wa juu nao inauita ubongo. Basi tunafungua picha moja moja, tunaufuta kwa kipanya. Kichwa kimoja, siku nzima, macho yanawaka.

Shemeji, ambaye kazi nilimwombea mimi, alikuwa anamaliza sita kwa siku. Nikamsifia mpaka kwa dada.

Vichwa vyetu havina majina, vina namba. 31 ni changu, nilijitolea kupigwa picha. Ila kichwa chako huruhusiwi kukisafisha. Unafungiwa, unaangalia tu.

Siku hiyo nikaangalia.

Kipande cha ubongo hakipo. Pengo lina umbo la kiatu.

Kiatu hicho nakijua... ni utando nilioufuta mimi kwenye namba 4. Nikafungua 12. Kiatu. 27. Kiatu.

Kumbe ndiyo sita kwa siku: shemeji kanakili ufutaji wangu, kawabandikia watu wote.

"Shemeji, umefanya nini hapa?"

Alikuwa anatafuna. Akajifuta vidole kwenye kiti changu.

"Kwani kompyuta imelalamika?"

"Wagonjwa wanangoja kujua kama dawa inazuia ubongo kusinyaa. Wewe unawakata."

"Ni ubongo wa mjomba wako?"

Nikazima kompyuta, nikaenda nyumbani.

Kesho yake bosi akaniita. Shemeji amenitangulia kunichongea, na kila kiatu kina jina langu kwenye kompyuta, maana vimenakiliwa kutoka faili langu.

"Umetoboa vichwa thelathini," bosi akasema. "Kazi huna."

Shemeji kando yake, sura ya msibani. "Nilimwonya sana huyu."

Jamani! Mtu tunayekula naye sahani moja.

"Bosi, angalia orodha yako ya majina. 31 ni nani?"

Akaangalia. Akaniangalia. "Ni wewe."

"Nimefungiwa. Jina langu limeingiaje? Na kukisafisha alipewa nani?"

Shemeji akaanza kutafuta miwani aliyoivaa.

Aliyeondoka kazini ni yeye. Dada hanisemeshi.

Ukiona mtu anamaliza kazi ya siku kwa saa moja, kabla hujapiga makofi fungua moja uangalie. Mimi sikufungua, ndiyo maana sasa navirudia vichwa vyote.

Isipokuwa 31. Hicho anacho bosi mwenyewe, na kila nikipita namwambia: polepole bosi, hicho bado nakitumia.