Siku Elfu Nne na Kumi na Nane

Aliyegundua alikuwa Shangazi A-Luan, Jumanne tarehe saba Oktoba, saa mbili na dakika kumi asubuhi, alipoingia chumba cha nyuma cha duka lake la tofu laini ya soya kuchukua sukari. Kompyuta ndogo nyeusi iliyokaa rafuni mwaka wa sita sasa ilikuwa inawaka taa nyekundu badala ya kijani. Na ile pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, ambayo kila fundi wa mji wao wa Tainan huilaza juu ya mashine ili itulie na isilete ukorofi, haikuwa mahali pake.

A-Luan hakujua kompyuta, lakini pakiti aliijua vizuri. Alimpigia simu Yun-chen kabla hata hajawasha jiko.

"Dada, kuna mtu ametuchezea," alisema. "Acha unachofanya uje."

Shih Yun-chen alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Riziki yake aliipata kwa kurekebisha programu za mashine za kufuma soksi, kazi iliyomfundisha kutomwamini mtu anayesema "sijagusa kitu". Alifika saa tatu kasorobo, akasimama mlangoni mwa chumba cha nyuma na kutazama kwanza, mikono mfukoni.

Kompyuta ile ilikuwa Mlango wa Mikoko. Mikoko ni programu waliyoiandika wenyewe, watu kumi na wawili wa Tainan, ili wauguzi, vibarua wa viwandani na wengine wenye jambo zito la kusema waweze kuandikiana bila kujulikana. Kila mwanachama hupitisha barua za wenzake zikiwa zimefungwa kwa muhuri, asijue zimetoka kwa nani wala zinakwenda kwa nani. Mgeni huanzia Mlangoni. Mlango ukikataliwa na wenzake, wote waliouegemea wanabaki gizani, na asubuhi hiyo walikuwa watu sitini na watatu ambao hata Yun-chen mwenyewe hakuwajua majina.

Aliwasha skrini. Mstari mmoja ulijirudia kuanzia juu hadi chini: Umekataliwa. Muhuri si halali.

"Maana yake nini?" A-Luan aliuliza.

"Wenzake hawaamini tena barua zinazotoka hapa."

"Basi mtu ameiba muhuri."

Huenda. Yun-chen alijua sentensi inayofuata: nani mwenye ufunguo. Funguo za chumba zilikuwa nne: wake mwenyewe, wa A-Luan, wa Mwalimu Ko aliyeianzisha Mikoko, na wa Yen Po-chun. Po-chun alikuwa na miaka ishirini na tisa, hodari na mwenye ulimi mwepesi, na wiki mbili zilizopita alikuwa ameajiriwa na kampuni ya matangazo inayoishi kwa kukusanya mazoea ya watu. Aliyemleta kwenye kundi na kumdhamini mbele ya wote ni Yun-chen.

A-Luan alieleza bila kuulizwa. Jana ilikuwa sikukuu ya mwezi mpevu, kila mtu alikuwa kwao akichoma nyama. Yeye alifunga duka saa sita na nusu mchana kwenda kwa dada yake, na alipokuwa akifunga alimwona Po-chun akiingia kwa mlango wa nyuma na mfuko mkubwa. Alikaa dakika tano, akatoka na mfuko mtupu.

"Alikuwa na nini?"

"Mabalungi, ati zawadi ya sikukuu." A-Luan alionyesha kwa kidevu mabalungi sita sakafuni. "Mtu akitaka kuficha shughuli yake, ataacha kuleta balungi?"

Habari ilienea kabla ya chakula cha mchana. Jioni wanachama walikubaliana kukutana Jumamosi saa nne asubuhi, dukani hapohapo, na ajenda ilikuwa moja: kumwondoa Po-chun. Na jina likishachafuka kwa watu wa aina hii, halisafiki, kwa sababu wanachouziana ni kuaminiana tu.  Kama Yun-chen alikosea kumdhamini, watu sitini na watatu walikuwa hatarini kwa ajili yake.

Kabla ya kuondoka dukani mchana huo alikuwa amekagua chumba upya. Mambo matatu aliyaandika. Kwanza, pakiti haikuibwa. Ilikuwa juu ya kibanda cha mungu wa ardhi pembeni, imesimamishwa wima kando ya kikombe cha chai, uso wake ukitazama mbele. Pili, saa ya jiko la wali la A-Luan ilikuwa inapepesa sufuri tupu. Tatu, daftari la Mlango, ambalo kila anayegusa mashine lazima atie tarehe, saa na sahihi, halikuwa na mstari wa Jumatatu. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Po-chun, 28/9/2025. Juu yake ulikuwa wa Mwalimu Ko, 21/9/114. A-Luan hakuwahi kuandika hata mstari mmoja. Yeye tarehe zake huziandika kwenye ndoo za soya.

Umeme, jirani wa duka la viatu alimwambia, ulikatika mtaa mzima Jumatatu saa tisa na dakika ishirini alasiri, ukarudi baada ya dakika saba.

Alimkuta Po-chun jioni kwenye kibanda cha supu ya nyama ya ng'ombe, akila kama mtu asiye na kesi.

"Ulifika saa ngapi kwenu Chiayi jana?" Yun-chen aliuliza.

"Dada Yun, na wewe pia?"

"Mimi ndiye niliyekuleta. Nijibu."

Alipanda treni ya saa nane kasorobo, alisema, na saa tisa alikuwa kwa wazazi wake akipuliza mkaa. Tiketi alishaitupa. Wazazi wangethibitisha, lakini hakutaka mama yake apigiwe simu na watu wanaomwita mwanawe mwizi. Kuhusu kazi mpya, ndiyo, alikuwa ameikubali. Kodi ya nyumba hailipwi kwa Mikoko.

"Ile pakiti uliigusa?"

"Ile takataka? Ningeigusa ningeila. Inakwisha muda Desemba." Akasukuma bakuli. "Waniondoe tu. Sitajitetea kwa tiketi ya treni mbele ya watu niliokaa nao miaka minne."

Alisema kwa mzaha lakini macho yake yalikuwa yamelowa, na Yun-chen alijifanya anatafuta pilipili.

Shida ilikuwa kwamba Mikoko haisemi. Waliiandika hivyo kwa makusudi: haitunzi saa, haitunzi siku, haielezi sababu, ili siku ikikamatwa isiwe na la kumsaliti mtu. Wala haiulizi saa kwenye mtandao, maana hata kuuliza saa kunaacha alama. Programu nzuri kwa wenye siri, mbaya sana kwa mpelelezi.

Jumatano asubuhi Yun-chen alifanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo: aliacha kuuhoji Mlango, akamhoji anayeukataa. Kompyuta ya nyumbani kwake ilikuwa mmoja wa hao. Aliifungua programu, akaiamuru kwa muda wa saa moja ieleze kwa kirefu kila inachokataa, akasubiri Mlango ubishe hodi. Saa tatu na dakika kumi na mbili ulibisha. Jibu likaja:

Muhuri ni wa kweli. Umepitwa na wakati. Siku 4018.

Alisoma mara tatu. Muhuri ulikuwa wa kweli. Hakuna aliyeiba chochote. Mlango ulikuwa unatia saini barua zake kwa tarehe ya zamani, na wenzake walizikataa kama anavyokataliwa mtu mwenye pasi iliyokwisha. Alichukua kalamu. Miaka kumi na mmoja ni siku elfu nne na kumi na tano. Ongeza siku tatu za miaka mirefu, inakuwa elfu nne na kumi na nane. Haikuzidi siku, haikupungua siku.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kumkalia sawa. Betri ya ndani ikifa na umeme ukakatika, mashine husahau saa na kurudi kwenye tarehe ya kiwandani, kisha husimama ikiuliza tarehe. Hii haikubaki kwenye tarehe ya kiwandani. Mtu aliijibu: siku sahihi, mwezi sahihi, saa sahihi, mwaka tu umekosewa. Na alijibu baada ya saa tisa na dakika ishirini, wakati Po-chun alikuwa anapuliza mkaa Chiayi, kama alisema kweli.

Alasiri alikwenda kwa Mwalimu Ko, kwa sababu ndiye aliyeijua mashine kuliko wote. Ko Ching-tien alifundisha fizikia miaka thelathini na mitano, na sasa, akiwa na sabini na nne, alikuwa sebuleni akimenya balungi kwa kidole gumba, uso umeligusa tunda. Mkewe alileta chai na malalamiko.

"Mwambie wewe, binti yangu, mimi hanisikii. Tangu juzi kipimo chake cha sukari hakiwaki. Ati betri imekwisha. Betri niliyoiweka mimi mwezi uliopita!"

"Nitanunua nyingine," Mwalimu alisema.

Yun-chen alimweleza alichokipata: muhuri wa kweli, siku elfu nne na kumi na nane. Kidole cha Mwalimu kilisimama katikati ya ganda. Kisha kikaendelea, taratibu. Aliuliza kama Po-chun ameambiwa. Yun-chen akasema bado, anataka kwanza kuwa na uhakika. Mwalimu akamfungia vipande vya balungi kwenye karatasi, ale njiani.

Alipofika duka la A-Luan alifungua kifuniko cha mashine. Ndani kulikuwa na betri bapa inayong'aa, ya saizi ya sarafu, ile inayotumika kwenye mizani ya bafuni na vipimo vya sukari. Alikirudisha kifuniko, akakaa kwenye gunia la soya, na hakufurahi hata kidogo. Mashine ikasubiri vilevile na tarehe yake mbovu, maana wanachama walikuwa wameagiza isirekebishwe hadi kikao.

Jumamosi saa nne watu wote kumi na wawili walikuwa dukani, kila mmoja na bakuli la tofu analolikoroga bila kula. Po-chun alisimama karibu na mlango. A-Luan alianza: mfuko, dakika tano, kampuni ya matangazo.

"Shangazi, naomba nikuulize mambo mawili," Yun-chen alisema. "Pakiti uliikuta wapi?"

"Uliikuta wewe. Kwa mungu wa ardhi."

"Imesimama, imetazama mbele. Kufungua kifuniko lazima uiondoe. Po-chun angeiweka hivyo?"

Mtu mmoja alicheka. Wote walijua Po-chun angeirusha kwenye ndoo.

"La pili. Mwaka huu kwenye ndoo zako unaandika mwaka gani?"

"Mia moja na kumi na nne. Ningeandika upi?"

"Mwaka wa Jamhuri, tunaouhesabu tangu 1912, si 2025. Mashine iliuliza mwaka kwa nafasi mbili tu. Aliyeijibu aliandika 114, ikashika tarakimu mbili za mwisho, 14. Ikaamini tuko 2014. Po-chun hawezi kukosea hivyo. Kila akijaza fomu ya serikali hunipigia simu kuuliza huu ni mwaka wa ngapi. Anayekosea hivyo ni mtu anayeuandika maisha yake yote."

A-Luan aliweka mwiko chini. "Unanisema mimi?"

"Wewe hujui kufungua kifuniko, Shangazi." Yun-chen alikuwa amejiandaa kusema jina, akajikuta anatazama bakuli lake. Alitaka kwa moyo wote asilazimike kulitamka.

"Kaa, mwanangu," Mwalimu Ko alisema. "Hilo ni langu."

Alisimama akishikilia meza. Jumatatu, alisema, umeme wa mtaa ulipokatika aliiwaza mashine, maana alijua betri yake ni chovu. Alikuja na ufunguo wake. Ilikuwa imesimama, inauliza tarehe. Maduka yote yamefungwa kwa sikukuu, na kipimo chake cha sukari kilikuwa mfukoni. Akatoa betri hiyo akaitia.

"Kwa nini hukuandika daftarini?" A-Luan aliuliza, sauti imeshuka.

"Sheria ya kutogusa mashine peke yako niliiandika mimi. Na mwezi wa tatu, nilipofuta orodha ya Mlango kwa bahati mbaya, mlisema kwa upole macho yangu yapumzike. Nilijua nikisema, mtaninyang'anya ufunguo." Alimgeukia Po-chun. "Jumanne nilidhani kweli kuna mwizi, kwa sababu mimi niliweka tarehe sahihi. Jumatano Yun-chen alipotaja zile siku, nilipiga hesabu kabla sijamaliza kumenya. Nikanyamaza siku tatu, wewe ukisemwa. Hilo ndilo kosa. Lile la mwaka ni uzee tu."

Alitoa ufunguo akauweka mezani.

Po-chun aliondoka pale karibu na mlango, akapita kati ya viti, akaingia chumba cha nyuma. Walisikia vitufe vikibonyezwa. Baada ya dakika nne taa ikawa ya kijani, na simu ya Yun-chen ikaanza kutetemeka mezani, barua za siku tano zikipita, moja baada ya nyingine. Yun-chen akacheka peke yake, akala tofu yake yote kwa vijiko vitano.

Po-chun alirudi. Alimsukumia Mwalimu ufunguo.

"Mashine imeuliza mwaka, Mwalimu amejibu mwaka. Aliyeuliza vibaya ndiye aliyekosea. Leo naibadilisha iulize tarakimu nne." Kisha akaongeza, "Lakini ungenifia kwa sukari bila kipimo, hapo ningekasirika kweli."

A-Luan alimpakulia bakuli la pili, akamzidishia karanga. Kwa A-Luan huko ndiko kuomba radhi. Halafu akamtuma akanunue betri mbili, moja ya mashine na moja ya Mwalimu, kwa pesa ya duka.

Mwalimu aliomba daftari. Akaliinamia, pua karibu iguse karatasi, akaandika mstari uliokuwa umekosekana: amebadilisha betri, ameweka saa, alikuwa peke yake. Akatia sahihi. Mwanzoni mwa mstari, kwa mwandiko wake wa ubaoni, aliweka tarehe: 6/10/114.

Yun-chen aliiona. Po-chun, aliyekuwa amevaa kofia kwenda kununua betri, aliiona pia, na hakuna aliyemsahihisha Mwalimu. Akachukua pakiti ya kijani kutoka kwa mungu wa ardhi, akailaza juu ya mashine kwa mikono miwili, akatoka.